Damu ya West Nile, dawa ya viwanda vya mbali: nani atasomea kuitengeneza?

ARUA. Mfanyabiashara anayetoka Arua Hill kwenda soko la Ariwara hubeba vitu vingi mfukoni: kitambulisho, simu, shilingi za Uganda, faranga za Congo na dola chache za akiba. Mara nyingi hubeba pia kadi ya manjano. Akifika mpaka wa Vurra, ofisa wa afya anaweza kuiomba hata kabla mzigo haujaguswa. Wako wanaoiona kadi hiyo kuwa ushuru mwingine wa njiani, karatasi ya kumridhisha mwenye muhuri.

Kadi hiyo, hata hivyo, ni stakabadhi ya dawa ya aina yake. Chanjo ya homa ya manjano haitengenezwi kwa kuchanganya kemikali. Ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kikakuzwa ndani ya mayai ya kuku, kikasafishwa, kikakaushwa na kutiwa kwenye chupa. Wataalamu huziita dawa za namna hiyo dawa za kibayolojia, yaani zile zinazotokana na kitu chenye uhai. Chanjo zimo. Insulini ya mgonjwa wa kisukari imo. Dawa ya sumu ya nyoka imo, na zimo pia kingamwili zinazotibu Ebola na baadhi ya saratani.

Kwa watu wa Arua na Koboko hii si habari ya mbali. Sehemu ya elimu iliyozaa dawa hizo ilianzia katika vijiji vyao na ng'ambo tu ya mpaka wao. Damu ilitolewa hapa, majibu yakaandikwa kwingine, na dawa ikatengenezwa mbali zaidi. Sasa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimeanza kufundisha, katika ngazi ya uzamili na uzamivu, kazi ambayo kwa miaka mingi haikufundishwa hapa: jinsi ya kuitoa dawa ya kibayolojia kutoka kwenye maabara hadi kwenye chupa inayoruhusiwa kuuzwa.

Kwa wanaoishi kwa kuvuka mipaka, jambo hilo linagusa maisha na mfuko.

Kirusi chenye jina la mkoa

Mwaka 1936 shirika la Rockefeller la Marekani lilianzisha Entebbe kituo cha kuchunguza homa ya manjano. Ndicho leo kinachoitwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, UVRI. Mwaka uliofuata, watafiti wake walifika West Nile. Katika eneo la Omogo walichukua damu ya mwanamke aliyekuwa na homa. Hawakukuta kirusi cha homa ya manjano. Walikuta kingine ambacho sayansi haikuwa imekijua.

Ripoti yao, iliyoandikwa na Smithburn na wenzake, ilichapishwa mwaka 1940. Kichwa chake kilimtaja mwanamke yule kama mwenyeji wa Uganda tu. Kirusi chenyewe kikapewa jina la West Nile, na jina la mkoa likaanza safari ndefu kuliko ya lori lolote lililowahi kutoka Arua.

Mwaka 1999 kirusi hicho kilizuka New York na kuua watu 7. Miaka michache baadaye makampuni ya Marekani yalikuwa tayari yanauza chanjo ya West Nile kwa ajili ya farasi. Chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa bado haipo, iwe Arua au New York.

Sababu yake mfanyabiashara anaielewa haraka. Ugonjwa huo hulipuka hapa mwaka huu na kule mwaka ujao, kwa hiyo ni vigumu kujua wapi pa kuijaribu chanjo kwa watu wengi, na ni vigumu zaidi kujua nani atainunua. Mwenye farasi wa thamani hununua chanjo kila mwaka. Bidhaa hufuata mnunuzi, hata kama bidhaa hiyo ni dawa.

Watoto wa Kuluva

Mchango wa pili wa West Nile ulitoka Kuluva, hospitali ya misheni iliyo kusini mwa mji wa Arua.

Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa ajabu uliowavimbisha watoto taya. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams wa Kuluva na Cliff Nelson, walipanda gari na kuzunguka nchi za Afrika Mashariki na Kusini kwa wiki 10. Walisafiri kilomita 16,000 hivi, wakiuliza katika kila hospitali kama uvimbe huo unaonekana. Williams aliporudi Kuluva aliendelea kuandika kwa uangalifu kila mgonjwa alitoka kijiji gani na lini. Daftari zake zilisaidia kuonyesha kwamba wagonjwa walitokea kwa makundi, mahali fulani na wakati fulani, kama inavyokuwa kwa ugonjwa wenye uhusiano na maambukizi.

Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake mjini London walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe huo zilizotumwa kutoka Kampala. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ili kupata uhakika, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao Lyon, Ufaransa, lilirudi West Nile miaka ya 1970 na kuchukua damu ya watoto wapatao 42,000. Kisha likangoja kuona ni nani angeugua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba watoto waliougua walikuwa na dalili kubwa za kirusi hicho katika damu yao muda mrefu kabla ya uvimbe kutokea.

Wazazi wa watoto wale walikuwa wakulima wa mihogo na tumbaku, wachuuzi na wavuvi. Walitoa kile walichokuwa nacho.

Saratani hiyo, limfoma ya Burkitt, bado inawapata watoto wa Uganda. Dawa za kawaida za kemikali huwaponya wengi wakifika hospitali mapema. Lakini tangu mwaka 1997 ipo pia dawa ya kibayolojia inayoitwa rituximab, ambayo ni kingamwili inayoshika aina ya seli ambamo limfoma nyingi huanzia. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 uliihusu limfoma ya watoto ya aina hii katika hatua kali. Kwa waliotibiwa kwa dawa za kawaida pekee, watoto 82 katika kila 100 walipita miaka 3 bila ugonjwa kurudi wala tatizo jingine kubwa. Rituximab ilipoongezwa, idadi hiyo ilipanda hadi 94. Shirika la Afya Duniani limeiweka rituximab katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2015. Tatizo ni bei, na bei hiyo hupangwa na wanaojua kuitengeneza.

Siku Ebola ilipofika Ariwara

Wafanyabiashara wa Arua hawajasahau katikati ya mwaka 2019. Ebola ilikuwa imeshika Beni na Butembo tangu Agosti mwaka uliotangulia. Mwisho wa Juni 2019 mgonjwa mmoja aliyesafiri kutoka Beni alithibitishwa Ariwara, soko ambalo mizigo ya Arua na Koboko huenda kila juma. Uganda na Sudan Kusini ziliingia katika tahadhari.

Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamefariki.

Katikati ya msiba huo ndipo ulipofanyika mmoja wa majaribio muhimu zaidi ya dawa za kibayolojia katika historia ya Afrika. Kuanzia Novemba 2018 wagonjwa 681 walipewa moja kati ya dawa nne katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa moja, mAb114, ilikuwa na asili ya Congo. Mwaka 1995 Ebola ilipopiga Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe aliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Miaka 11 baadaye, mmoja wa waliopona Kikwit alitoa damu nyingine. Watafiti wa Marekani na Uswisi wakachagua ndani yake seli iliyokuwa bado inakumbuka jinsi ya kupigana na Ebola, wakanakili kingamwili yake.

Majaribio yalipositishwa Agosti 2019, hesabu ilikuwa wazi. Waliopewa mAb114, walifariki 35 hivi katika kila 100. Waliopewa ZMapp, dawa iliyotumika kama kipimo cha kulinganishia, walifariki karibu 50 katika kila 100. Dawa ya tatu, REGN-EB3, nayo ya kingamwili, ilifanya vizuri sawa na mAb114. Desemba 2020 Marekani iliidhinisha mAb114 kwa jina la Ebanga.

Muyembe mwenyewe alisomea udaktari Kinshasa, kisha akaenda Leuven, Ubelgiji, kusoma virolojia hadi ngazi ya uzamivu. Aliporudi nyumbani aliweza kuiona damu ya aliyepona kuwa ni mali ghafi ya dawa. Bila elimu ile, damu ya Kikwit ingebaki damu tu.

Hata hivyo mAb114 haikutengenezwa Congo. Ilikuzwa katika seli za panya aina ya hamsta, ndani ya matangi ya ng'ambo, na leseni yake ikachukuliwa na kampuni ya Florida. ZMapp nayo ilikuzwa katika majani ya mmea wa jamii ya tumbaku, zao ambalo wakulima wa West Nile wamelijua kwa vizazi.

Hatua ya katikati

Safari ya dawa ya kibayolojia ina hatua tatu kubwa. Ya kwanza ni kuvumbua: kumpata mgonjwa, kuchukua damu, kukitambua kirusi. Ya pili ni kutengeneza: kukuza seli, kusafisha, kupima, kujaza chupa. Ya tatu ni kujaribu kwa watu na kupata kibali.

Afrika Mashariki ni hodari katika ya kwanza, na Omogo na Kuluva ni ushahidi. Katika ya tatu nako imekomaa. Uganda ilipotangaza Ebola ya aina ya Sudan mjini Kampala tarehe 30 Januari 2025, majaribio ya chanjo kwa watu waliokuwa karibu na wagonjwa yalianza tarehe 3 Februari, siku 4 tu baadaye. Yakapewa jina la Kiswahili, Tokomeza SVD. Yaliongozwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Makerere na UVRI wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani. Chanjo yenyewe ilitoka kwa shirika la IAVI la Marekani.

Hatua ya pili ndiyo iliyokosekana. Umoja wa Afrika unasema bara hili huzalisha takriban asilimia 1 tu ya chanjo linazotumia, na umejiwekea lengo la asilimia 60 ifikapo mwaka 2040. Kwa homa ya manjano, mtengenezaji wa Afrika anayetambuliwa na Shirika la Afya Duniani ni mmoja, Taasisi ya Pasteur ya Dakar, Senegal. Wengine wako Brazil, Ufaransa na Urusi.

Upungufu huo una gharama yake mpakani. Januari 2020 Uganda ilithibitisha homa ya manjano katika wilaya za Moyo na Buliisa. Wagonjwa wa Moyo walikuwa vijana wawili wa biashara ya mbao kati ya Uganda na Sudan Kusini. Chanjo iliingizwa katika ratiba ya kawaida ya watoto wa Uganda Oktoba 2022, miaka 86 baada ya kituo cha homa ya manjano kufunguliwa Entebbe.

Kama kupika kwete

Kwa nini kazi hii idai digrii ya pili na ya tatu? Jibu liko jikoni mwa mama yeyote wa West Nile anayepika kwete.

Wapishi wawili wanaweza kununua unga kwa mchuuzi mmoja, siku moja, na kufuata njia moja. Bado kwete ya mmoja itakuwa kali na ya mwenzake itapoa. Chachu ni kitu hai. Hubadilika kwa joto, kwa maji, kwa chombo, kwa mkono wa anayekoroga. Vidonge vya kupunguza maumivu haviko hivyo: kemikali ni ile ile popote ilipotengenezwa, na kiwanda chochote makini kinaweza kuinakili.

Dawa ya kibayolojia ni kwete inayotakiwa itoke ile ile kila mara, chupa ya kwanza hadi ya milioni, kwa maana kosa dogo linaweza kumdhuru mgonjwa. Ndiyo sababu hata inaponakiliwa haiitwi nakala. Huitwa dawa mfanano, na mtengenezaji hulazimika kuthibitisha kwa vipimo vingi kwamba mfanano huo ni wa kutosha.

Mwanafunzi wa uzamili katika fani hii hujifunza kwanza kuchagua seli: bakteria, hamira, au seli za mnyama. Bakteria ndio waliotumika kutengeneza insulini ya kwanza ya aina hii, iliyoingia sokoni mwaka 1982. Hujifunza kuzikuza katika tangi dogo la maabara, kisha tangi kubwa, akichunga joto, hewa na chakula chake saa kwa saa. Halafu huja kusafisha, kwa maana tangi hutoa dawa pamoja na uchafu mwingi, na usafishaji hula sehemu kubwa ya gharama. Hufuata kutafuta mchanganyiko utakaoilinda dawa isiharibike, kuipima kwa miezi na miaka, kuandika kila hatua, na mwisho kuandaa majalada ya kupeleka kwa mamlaka ya dawa.

Somo la joto ndilo linalomgusa zaidi mtu wa mpakani. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa juani ndani ya begi la bodaboda kutoka Arua hadi Oraba inaweza kupoteza nguvu bila kubadilika rangi wala harufu. Anayeinunua kwa bei nafuu kwa mchuuzi asiye na friji anaweza kuwa amenunua maji. Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda, NDA, ina ofisi ya kanda Arua, na hilo ni swali la kuwapelekea kabla ya kununua.

Joto hilo hilo linaeleza jambo linalowaudhi wengi kwenye vituo vya chanjo. Chupa ya chanjo ya homa ya manjano yenye dozi 10 ikishachanganywa na maji yake, hudumu saa 6 tu, kisha inatupwa. Ndiyo maana muuguzi husubiri watu wafike idadi. Si uvivu.

Utaalamu ukiwepo, joto linaweza kushindwa. Wafuga kuku wa Tanzania wanaijua chanjo ya mdondo iitwayo I-2. Aina hiyo ilitafutwa na watafiti wa Australia kwa sababu inavumilia joto la vijijini, na sasa inazalishwa Kibaha, mkoa wa Pwani, na taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo. Tone moja jichoni mwa kuku, na biashara ya mama anayepeleka matenga sokoni inanusurika.

Madarasa yaliko

Kwa kijana wa Arua, ngazi ya kwanza iko karibu. Chuo Kikuu cha Muni, cha serikali, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 2013 na kinafundisha sayansi hapa hapa. Baada ya shahada ya kwanza ya famasia, biolojia, kemia, maabara ya tiba au mifugo, safari inaanza.

Mbarara, zaidi ya kilomita 700 kutoka Arua, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kina kituo cha PHARMBIOTRAC, kilichoanzishwa chini ya mpango wa Benki ya Dunia wa vituo bora vya elimu ya juu. Kinafundisha uzamili na uzamivu katika bayoteknolojia ya dawa na tiba za asili, na huunganisha maarifa ya waganga wa mitishamba na vipimo vya maabara.

Makerere ina shahada za uzamili za bayolojia ya molekuli na za kinga ya mwili. Pamoja na UVRI ya Entebbe, imekuwa ikiendesha tangu mwaka 2008 mpango wa kuwalea watafiti wa maambukizi na kinga kwa fedha za shirika la Wellcome la Uingereza.

Moshi, Tanzania, Shule ya Famasia ya Kilimanjaro na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walijenga njia tofauti. Wanafunzi wake ni watu walio kazini, wafamasia wa viwanda na maofisa wa mamlaka za dawa kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wanaoingia darasani kwa vipindi na kurudi kazini. Waliofika mbali zaidi hupata uzamili katika ubunifu wa kibayoteknolojia na sayansi ya udhibiti wa dawa.

Kigali, Chuo Kikuu cha Rwanda kinabeba kituo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha chanjo na usafirishaji wa bidhaa za afya. Hapo mtu anaweza kusoma uzamili wa namna dawa zinavyoagizwa, kuhifadhiwa na kufikishwa. Mtoto wa mfanyabiashara wa mpakani ataliona somo hilo kuwa jamaa wa karibu wa kazi ya nyumbani.

Hesabu ya mzazi

Uzamili huchukua miaka 2 hivi. Uzamivu huongeza 3 au 4, na mara nyingi zaidi. Mzazi anayeuza samaki wakavu ana haki ya kuuliza: mtoto akimaliza, atafanya kazi wapi?

Jibu la kweli ni kwamba viwanda bado ni vichache. Kigali, kampuni ya BioNTech ya Ujerumani ilizindua Desemba 2023 kiwanda kilichofungwa ndani ya makontena. Kenya imeunda taasisi ya serikali, Kenya BioVax, kwa ajili ya kutengeneza chanjo. Kibaha, mbali na chanjo za mifugo, kuna kiwanda kinachokuza bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu. Nje ya hapo kuna mamlaka za dawa, maabara za ubora, vituo vya majaribio ya chanjo, na hata viwanda vya bia, ambavyo huhitaji mtu anayeelewa chachu katika tangi kubwa.

Hatari ya pili ni kwamba aliyesoma ataondoka. Mwenye ujuzi wa kusafisha kingamwili hupata kazi Ulaya kwa urahisi kuliko Entebbe.

Kinachoweza kubadilisha hesabu hiyo ni soko, na hapo wafanyabiashara wanaijua hoja kuliko maprofesa. Kiwanda cha chanjo hakiwezi kuishi kwa kuuza katika nchi moja ndogo. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu Sudan Kusini ilipojiunga mwaka 2016 na Congo mwaka 2022, ina watu zaidi ya milioni 300. Tangu mwaka 2012 nchi wanachama zimekuwa zikilinganisha kanuni za usajili wa dawa ili jalada moja likaguliwe kwa pamoja badala ya kila nchi kuanza upya. Ni wazo lile lile la forodha: mzigo ukikaguliwa vizuri mahali pamoja, kwa nini ufunguliwe tena mbele?

Elimu nayo imo katika hesabu. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu la Afrika Mashariki, ili vyeti vitambuliwe mpakani na mwanafunzi wa nchi jirani asitozwe ada kama mgeni wa mbali. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, ndilo linalosimamia. Baraza hilo limesimamia pia ufadhili wa uzamili wa sayansi na uhandisi kwa fedha za Ujerumani, kwa masharti kwamba mwanafunzi akasome katika nchi nyingine ya Jumuiya. Mzazi wa Koboko anayemtafutia mtoto nafasi Arusha au Nairobi anapaswa kuuliza mambo mawili kwa maandishi kabla ya kulipa: ada ya mwana Afrika Mashariki ni ipi, na je, programu hiyo imeidhinishwa na tume ya vyuo ya nchi husika.

Kadi mfukoni

Wakati hayo yakingojewa, kuna jambo ambalo mfanyabiashara anaweza kulitumia leo.

Kwa kanuni za afya za kimataifa, kadi ya chanjo ya homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Na tangu tarehe 11 Julai 2016, dozi moja inatambuliwa kwa maisha yote. Hata kadi ya zamani iliyoandikwa kwamba itaisha baada ya miaka 10 bado ni halali. Mwenye kadi ya kweli hapaswi kuambiwa alipie nyingine kwa sababu ya tarehe. Asiye nayo aipate kliniki, kwa sindano. Kadi ya kununuliwa bila sindano inaweza kumpitisha mtu Vurra, lakini mbu wa upande wa pili hasomi mihuri.

Chanjo iliyo nyuma ya kadi hiyo ina ukoo wake. Kirusi kilichozaa mbegu yake kilichukuliwa mwaka 1927 kutoka kwa mgonjwa wa Ghana aliyeitwa Asibi. Kilidhoofishwa New York na Max Theiler, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Leo baadhi ya chupa zake hujazwa Dakar, kwa sababu Dakar ilianza kujifunza kazi hiyo miaka ya 1930 na haikuiacha.

Entebbe nayo ilianza miaka hiyo hiyo, ikiwa na damu ya Omogo mkononi. Hadi sasa hakuna chupa ya chanjo ya binadamu inayofika zahanati ya Koboko ikiwa na jina la Entebbe. Wanaoweza kuliandika wako darasani sasa, Mbarara, Makerere, Moshi na Kigali, na baadhi ya ada zao zinalipwa kwa faida ya samaki, mbao na sabuni zinazovuka Vurra na Oraba.